Jicho la Kamera na Nafasi ya Kujibu: Uoni wa Kompyuta katika Nyanda za Kati za Tanzania

Uoni wa kompyuta ni tawi la akili mnemba linaloiwezesha mashine kupata maana kutoka kwenye picha. Unapotumika kama njia ya mtu kuwasiliana na mashine, lengo lake huwa kumpunguzia mtumiaji kazi ya kujifunza vitufe, kipanya na menyu, na kuitwika mashine yenyewe kazi ya kumwelewa mtu kupitia ishara ya mkono, uelekeo wa macho, sura ya uso au kitu anachokishika mbele ya kamera. Kwa miongo kadhaa lengo hilo lilitafitiwa zaidi katika maabara za Marekani, Ulaya na Japani, na mazingira yaliyochukuliwa kuwa ya kawaida yalikuwa chumba chenye mwanga wa kutosha, umeme usiokatika, na mtumiaji mwenye vidole, macho na ngozi ambazo watafiti walikuwa wamezizoea. Dodoma, Singida na Tabora hali ni nyingine: kamera inayofikiwa na wengi ni ya simu janja, na mara nyingi simu hiyo hutumiwa na watu kadhaa wa kaya moja, huku kinachowekwa mbele yake kikiwa jani la muhogo, stempu ya chupa ya soda, au mkono wa mwanafunzi kiziwi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika mazingira ya namna hiyo usahihi wa mashine katika mtazamo wake wa kwanza ni sehemu ndogo tu ya thamani yake, kwa kuwa kinachoamua kama itamfaa mtu ni nafasi anayopewa ya kuona jinsi alivyoonekana, kuonyesha tena, kulikataa jibu, na kupita njia nyingine pale kamera inaposhindwa.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Myron Krueger aliunda Videoplace, mfumo uliotumia kamera kunasa umbo la mwili wa mtu na kulionyesha kama kivuli kwenye skrini kubwa, na kivuli hicho kikaweza kugusa na kusogeza vitu vilivyochorwa na kompyuta bila mtu kuvaa kifaa chochote. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walichapisha mbinu ya kutafuta uso katika picha kwa haraka iliyotosha kufanya kazi kwenye video inayoendelea, na miaka michache baadaye kamera za kawaida zikawa zinachora kisanduku kuzunguka uso wa anayepigwa picha. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, kifaa kilichorusha nukta za mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, ili kukadiria umbali wa kila kiungo cha mchezaji na kumwezesha kuendesha mchezo kwa mwili wake. Kilinunuliwa kwa mamilioni, lakini mwaka 2017 uzalishaji wake ulisitishwa. Pamoja na sababu za kibiashara, kuna ugumu wa kimsingi unaozikabili mashine zote za ishara: mkono ulioinuliwa hewani huchoka upesi, hewa haimpi mtu hisia yoyote ya kwamba amebonyeza kitu, na mashine hushindwa kutofautisha ishara ya kuamuru na ishara ya mtu anayezungumza tu huku akirusha mikono.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2012, pale Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walipoonyesha kwamba mtandao wa neva bandia wenye tabaka nyingi ungeweza kutambua vitu katika picha kwa kiwango kilichoziacha mbali mbinu za awali. Mtandao wa neva bandia ni mpangilio wa hesabu nyingi ndogo zilizounganishwa, ambazo hakuna mtu anayeziandikia kanuni za kutambua jani au mkono. Mtandao huonyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha kupewa majina, na kila unapokosea namba zake hurekebishwa kidogo kidogo mpaka makosa yapungue. Matokeo yake ni kwamba mashine ya namna hii hujua vizuri kilichomo katika picha ilizofunzwa na hujua vibaya kisichokuwamo. Matatizo karibu yote yatakayojadiliwa hapa chini yanatokana na ukweli huo mmoja.

Utambuzi wa mkono unaonyesha vizuri tofauti kati ya mbinu za zamani na za sasa. Mbinu za zamani zilitafuta mkono kwa rangi: mtafiti aliweka kiwango cha rangi alizoziita rangi za ngozi, na kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, iliyoangukia ndani ya kiwango hicho ilihesabiwa kuwa sehemu ya mkono. Mbinu hiyo hulegea mara tu mkono unapopita mbele ya udongo mwekundu au ukuta wa tembe, nyumba ya udongo ya Wagogo yenye paa bapa na mwanga hafifu ndani, kwa sababu rangi ya mkono na ya kilicho nyuma yake hukaribiana sana. Mbinu za sasa, kama ile ya MediaPipe iliyotolewa na Google, hutafuta kwanza kiganja kwa umbo lake, kisha hukadiria mahali zilipo nukta 21 za viungo vya mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, na zinaweza kufanya hivyo ndani ya simu bila kompyuta kubwa. Rangi imepungua umuhimu, ingawa umuhimu wa mwanga haujapungua: ndani ya tembe saa kumi na mbili jioni, picha yenye chembechembe za giza huzifanya nukta hizo 21 zirukeruke hata mkono ukiwa umetulia tuli.

Hata hivyo, ishara za mikono si njia ambayo wakazi wengi wa nyanda za kati wamekutana nayo. Njia waliyoizoea ni kuionyesha kamera kitu kilichotengenezwa ili kisomwe nayo. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na miraba mitatu iliyopo katika pembe zake imewekwa ili kamera itambue mara moja msimbo umeelekea wapi na umeinama kiasi gani. Tanzania misimbo ya aina hiyo iko kwenye risiti za mashine za EFD, ambazo mnunuzi anaweza kuzihakiki kwa simu, na tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Mapato imekuwa ikitumia stempu za kodi za kielektroniki kwenye sigara, mvinyo, pombe kali, bia na baadaye vinywaji baridi, stempu ambazo zinaweza kusomwa kwa programu ya simu. Chupa ya mvinyo wa Dodoma iliyoko rafuni hubeba, karibu na kizibo, kikaratasi ambacho kinaweza kuiambia simu kama kodi yake imelipwa.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni kibandiko cha kulipia kwa simu kilichobandikwa ukutani au mezani katika maduka ya Majengo au Sabasaba, jijini Dodoma. Juu yake kuna msimbo wa QR, na papo hapo kuna lipa namba iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa. Mwenye simu janja yenye kamera nzima na bando anaweza kuskani, na mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, huandika namba na kulipa vilevile. Na hata mwenye simu janja ambayo kioo cha kamera yake kimepasuka huandika namba bila kumweleza mtu yeyote kwa nini. Waliobuni kibandiko hicho hawakuwa wakiandika nadharia ya kiolesura, yaani eneo ambalo mtu na mashine hukutania, lakini wameweka kanuni ambayo mifumo mingi ya gharama kubwa imeisahau, kwamba jicho la kamera liwe mlango mmojawapo na kamwe lisiwe mlango pekee.

Jani la mmea ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hakuna aliyelichapisha ili lisomwe. Hapa ndipo mfano mkubwa zaidi wa Tanzania unapoingia. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake, miongoni mwao David Hughes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na James Legg wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, walichapisha utafiti uliotumia picha za majani ya muhogo zilizopigwa Tanzania kuufunza mtandao wa neva bandia kutambua magonjwa na wadudu, hasa batobato, ambao huacha mabaka ya njano na kijani na kuyakunja majani, na michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ndani kwa ndani wakati shina bado linapendeza. Usahihi wa jumla ulioripotiwa ulikuwa asilimia 93 kwa picha ambazo mashine haikuwa imeziona katika mafunzo. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya simu inayoitwa PlantVillage Nuru, inayotumika hata pasipo intaneti na kuzungumza na mkulima kwa Kiswahili.

Asilimia 93 ilikuwa habari njema, ila ilikuwa habari ya picha ambazo zilifanana na zile za mafunzo. Mwaka 2019 watafiti haohao walichapisha matokeo ya kuipeleka mashine ndani ya simu hadi shambani nchini Tanzania na kuijaribu kwa vipande 720 vya majani yenye ugonjwa, vingine vikiwa na dalili nyepesi na vingine dalili zilizokomaa. Kipimo walichokitumia, ambacho hupima kwa pamoja mara ambazo mashine inaona ugonjwa uliopo na mara ambazo haizushi ugonjwa usiokuwepo, kilishuka kwa asilimia 32 hata kwa dalili zilizo wazi, na sababu kubwa ilikuwa mashine kupitwa na majani yaliyokuwa yanaumwa kweli. Uaminifu wa watafiti hao kuuchapisha mporomoko wa kazi yao wenyewe unastahili heshima, na umeisaidia fani nzima kuliko ambavyo asilimia 93 peke yake ingefanya.

Sababu za mporomoko wa namna hiyo zinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama shambani na simu mkononi. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi, katikati ya msimu wa mvua ambapo mazao yako shambani, na tena katika siku za mwanzo za Oktoba. Saa sita mchana skrini ya simu hugeuka kioo kinachomrudishia mkulima sura yake, kwa hiyo huinama juu ya simu kuikinga na jua ili aone kisanduku ambacho programu imechora juu ya jani. Akiinama, kivuli chake mwenyewe huangukia nusu ya jani, na jani likawa na upande unaong'aa na upande wa giza. Kwa mashine iliyofunzwa kwamba batobato ni mabaka ya rangi mbili katika jani moja, mstari huo wa kivuli unaweza kuwa kishawishi cha kukosea. Likiongezwa vumbi kwenye kioo cha kamera, ambacho hufutwa kwa ncha ya kanga, na upepo wa nyanda za kati usioliacha jani litulie, inaonekana wazi kwamba shamba ni mahali tofauti kabisa na seti ya picha.

Suluhisho lililopatikana ndilo linaloubeba uchambuzi huu. Utafiti mwingine uliofanyika Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha Nuru, wataalamu wa muhogo, maafisa ugani na wakulima katika kutambua dalili za batobato, michirizi ya kahawia na madhara ya utitiri wa kijani. Nuru ilifikia usahihi wa asilimia 65, maafisa ugani kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini mashine ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake shambani ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kilichobadilika ni mazungumzo: programu ilimwomba mtu jani jingine na jingine, na mtu akazunguka mmea, akachagua, akaonyesha. Mkono wa mkulima ulikuwa sehemu ya jicho la mashine, na katika kuchagua majani mkulima mwenyewe alilazimika kutazama sehemu za mmea ambazo pengine angezipita. Watafiti waliona pia kwamba maafisa ugani walioitumia kwa wiki mbili uwezo wao wenyewe wa kutambua dalili uliongezeka kidogo. Ongezeko lilikuwa dogo, na haifai kulikuza, lakini linaashiria kwamba mashine inayoonyesha imeona nini na wapi inaweza kumfundisha anayeitumia, jambo ambalo mashine inayotoa jina la ugonjwa tu na kunyamaza haiwezi kulifanya.

Ugumu kwa nyanda za kati ni kwamba muhogo, ingawa hulimwa Dodoma na Singida kama zao la kuvumilia ukame, si uti wa mgongo wa kilimo chake. Mazao ya eneo hili ni mtama, uwele, alizeti, karanga na, kwa Dodoma, zabibu, na maradhi yanayowasumbua wakulima wake ni ubwiri unga na ubwiri vinyoya katika mizabibu, fugwe katika mtama, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka likiwa bado halijaonekana juu ya ardhi. Kwa mazao hayo picha zilizopigwa Afrika na kupewa majina na wataalamu ni chache zikilinganishwa na za muhogo na mahindi. Maarifa yenyewe yapo karibu, kwani taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, ina kituo Makutupora kinachoshughulikia zabibu na kingine Hombolo kinachohusika na mtama na uwele, na wataalamu wa vituo hivyo wanajua dalili hizo kwa macho. Kinachokosekana ni kazi ya kuchosha ya kupiga maelfu ya picha katika misimu mbalimbali, asubuhi na mchana, kwa simu za bei nafuu ambazo wakulima wanazo, na kuzipa majina. Kazi hiyo haina mvuto wa kisayansi na mara chache humpandisha mtu cheo, lakini bila hiyo programu itakayoletwa wilayani Bahi au Kongwa itakuwa mgeni anayejua mimea ya kwingine. Na kwa kiduha hata picha nyingi hazitatosha, kwa sababu madhara makubwa hutokea chini ya udongo kabla kamera haijapata cha kuona.

Katika ufugaji njia imekwisha kuonyeshwa. Dina Machuve, aliyekuwa mtafiti katika taasisi ya Nelson Mandela, NM-AIST, Arusha, pamoja na wenzake walikusanya picha za kinyesi cha kuku kutoka mikoa ya Arusha na Kilimanjaro na kufunza mashine kutofautisha kuku wazima na wenye kokosidiosisi, salmonela au mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wazo hilo lina busara ya kimatumizi, kwani kuku hukimbia kamera na kinyesi hakikimbii. Singida, ambayo kuku wake wa kienyeji husafirishwa hadi Dar es Salaam, ingekuwa mahali pa kawaida pa kuupanua utafiti huo, ila kinyesi cha kuku anayejitafutia chakula porini hutofautiana na cha kuku wa bandani, kwa hiyo picha za huko zingehitajika upya.

Mambo huwa mazito zaidi kamera inapoelekezwa kwa mwili wa mtu, kwa sababu hapo kosa la mashine humnyima mtu huduma. Watanzania wengi walikutana na utambuzi wa mwili kwa mashine kupitia kidole: uandikishaji wa wapiga kura kwa mfumo wa BVR kabla ya uchaguzi wa mwaka 2015, kitambulisho cha taifa cha NIDA, na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019. Kisoma alama za vidole mara nyingi nacho ni kamera, ingawa haina umbo la kamera, na programu yake hutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inakatika au kugawanyika. Jembe la mkono, sabuni kali, saruji na umri hulainisha mistari hiyo, na wanaoathirika ni walewale ambao mikono yao imefanya kazi zaidi: wakulima, mafundi waashi, wazee. Mtu wa namna hiyo huambiwa afute kidole, apake mafuta, ajaribu kingine, na mbele ya foleni hujiona kana kwamba ndiye mwenye kasoro. Kasoro ni ya mfumo usiokuwa na njia ya pili iliyo rasmi na ya heshima, na hili ni jambo la kulisema bila kumung'unya maneno.

Uso una matatizo yake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti uliopima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa uso, wakitumia picha za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden. Katika mfumo uliofanya vibaya zaidi, makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7, wakati kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa la juu kabisa lilikuwa asilimia 0.8. Kampuni husika zilirekebisha mifumo yao baada ya hapo, na marekebisho hayo yalithibitisha kwamba tatizo halikuwa ngozi bali picha zilizotumika katika mafunzo.

Macho hayajajadiliwa vya kutosha, na kwa nyanda za kati yanastahili kujadiliwa kuliko uso. Mifumo ya kuendesha kompyuta kwa macho, ambayo ni tegemeo la watu wasioweza kutumia mikono, hukadiria mtu anatazama wapi kwa kufuata mboni, nayo huchukulia kwamba jicho hutulia panapotazamwa na kwamba sehemu yake ya mbele ni angavu. Dhana zote mbili hushindwa hapa. Wilaya ya Kongwa imejulikana katika tafiti za kimataifa tangu miaka ya 1980 kutokana na trakoma, ugonjwa ambao wenyeji wengi huuita vikope, ambapo maambukizi ya mara kwa mara huacha makovu ndani ya kope, kope hugeukia ndani, na nywele zake hukwaruza jicho mpaka likapata weupe. Kamera inayotafuta mboni nyuma ya weupe huo haiipati. Kwa upande mwingine, watu wenye ualbino, ambao Tanzania ina idadi kubwa yao kwa kulinganisha na sehemu nyingi za dunia, kwa kawaida huwa na macho yanayochezacheza bila hiari. Mfumo wa kufuata macho huutafsiri mchezo huo kuwa ni mtu anayebadili uamuzi wake mara kadhaa kwa sekunde. Kuna njia za kihesabu za kuulainisha mwendo huo na kupata wastani wa mahali panapotazamwa, lakini lazima mbunifu ajue tangu mwanzo kwamba watumiaji hao wapo, na atajua tu iwapo walikuwemo katika majaribio yake.

Wasioona nao huhitaji kamera, pengine kuliko wote. Shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, ilianzishwa mwaka 1950 na ni miongoni mwa shule kongwe za aina yake nchini. Kwa mwanafunzi wa shule kama hiyo, simu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo mbele ya kamera, au inayotofautisha noti ya shilingi 5,000 na ya 10,000, ni uhuru wa kweli sokoni. Tatizo ambalo mwenye kuona hulisahau ni kulenga: asiyeona hajui kama noti imeingia yote katika picha au nusu yake imebaki nje. Kwa hiyo kiolesura kizuri humwongoza kwa sauti, kwa Kiswahili kinachosikika vizuri, asogeze simu, aiinue, aitulize, kabla ya kumpa jibu. Na mfumo unaosubiri picha iliyokamilika bila kusema lolote humfanya asiyeona abahatishe. Majani sita ya muhogo na maelekezo ya sauti kwa asiyeona ni jambo moja katika sura mbili.

Lugha ya alama ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Tabora, upande wa magharibi wa uwanda huu, ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini mwaka 1963, na Lugha ya Alama ya Tanzania ina tofauti za alama kati ya shule na shule, kwa kuwa jamii za viziwi zilikua zikiwa zimetengana. Nchini Kenya, Roy Allela alipata umaarufu kwa kubuni glavu zinazogeuza alama kuwa sauti kwa kutumia vihisio vilivyoshonwa katika vidole. Ubunifu huo ni wa kusifiwa, lakini glavu huona vidole tu, wakati katika lugha ya alama nyusi zilizoinuliwa hugeuza kauli kuwa swali, na kichwa, midomo na uelekeo wa mwili hubeba sarufi. Kamera huyaona yote hayo kwa pamoja, na ile mbinu ya nukta ya MediaPipe, ikiunganishwa mikono, mwili na uso, hutoa nukta 543 kwa kila picha ya video. Kuzipata nukta ni nusu rahisi. Nusu ngumu ni kujua alama moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, ni ipi inayoonyesha mahali na ipi mtu, na ni tofauti gani ni ya shule na ipi ni ya maana. Hayo hayajifunzwi bila saa nyingi za video za viziwi wenyewe wakizungumza wao kwa wao, zikifafanuliwa na viziwi wenyewe. Mfumo unaotambua alama 30 zilizopangwa moja moja mbele ya ukuta mweupe huvutia sana katika maonyesho, na haumsaidii kiziwi aliyeko zahanati.

Kuhusu nani atafanya kazi hiyo, Dodoma haiko mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, CIVE, na maabara ya utafiti wa akili mnemba inayoendeshwa kwa ushirikiano na NM-AIST. Hali ya kiufundi nayo imekuwa rafiki, kwa sababu mitandao midogo ya neva bandia iliyobuniwa kwa ajili ya simu tangu karibu mwaka 2017 inaweza kufanya kazi ndani ya kifaa chenyewe, pasipo kutuma picha kwenye kompyuta za mbali. Hilo huokoa bando, huondoa utegemezi wa mnara wa simu, na huiacha picha ya mtu mikononi mwa mwenyewe, jambo ambalo ni ulinzi wa faragha ulio imara kuliko ahadi yoyote iliyoandikwa.

Ahadi iliyoandikwa hata hivyo ipo, na ni ya lazima, kwa kuwa kufunza mashine ni tofauti na kuitumia: wakati wa mafunzo picha lazima zikusanywe mahali pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzipa taarifa za kibayometriki na za watoto uzito wa pekee na kudai ridhaa. Picha ya jani haina mwenye kulalamika, na mkulima anaweza kuiridhia kwa neno moja. Video ya lugha ya alama ni uso, mikono na maneno ya mtu, na wazungumzaji wengi wa lugha hiyo wanapatikana shuleni, yaani ni watoto wa bweni ambao wazazi wao wako mbali na kwa kawaida hawajui alama zaidi ya chache za nyumbani. Fomu ya ridhaa humfikia mzazi kwa maandishi ya Kiswahili, ikieleza lugha asiyoizungumza, na mwalimu ambaye ndiye mkalimani kati yake na mwanawe ni yuleyule ambaye shule yake imeombwa ishiriki katika utafiti. Ridhaa ya mtoto mwenyewe, ikielezwa kwa alama na mtu mzima kiziwi asiye mwajiriwa wa shule wala wa watafiti, kisha ikarekodiwa kwa video badala ya karatasi, ingeweza kuliziba pengo hilo kwa kiasi, pamoja na haki ya mtoto huyo, akifikisha miaka 18, kudai video zake ziondolewe. Kuziondoa kwenye diski ni rahisi. Kuziondoa katika namba za mtandao wa neva ambao tayari umejifunza kutoka kwake ni tatizo la kiufundi ambalo bado linatafutiwa ufumbuzi, na mtoto anayerekodiwa leo anastahili kuelezwa hivyo kabla kamera haijawashwa.